SALUNI NZIMA ILIKUWA KICHWANI KWA MAMA

Ukitaja saluni za maharusi pale Sinza, yake haikosi. Mama alianza na kiti kimoja barazani, akafikisha fremu 2, mashela ya kukodisha na wasichana 6. Watoto wake 3 wamesomeshwa na hiyo saluni, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kushika chanuo. "Nyie someni, hii kazi ya kuosha vichwa niachieni mimi," ndivyo alivyokuwa akiwaambia.

Akafariki ghafla, daftari likiwa limejaa harusi.

Kasheshe ikaanzia hapo. Maharusi walishalipa advansi kwenye simu ya marehemu. Laini imesajiliwa kwa kidole chake, namba ya siri hakuna anayeijua. Akaunti ya benki ni ya jina lake, na hela haitoki mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. TIN yake, mkataba wa fremu wake. Jina la saluni lilisajiliwa BRELA, sawa, lakini jina la biashara halikutenganishi wewe na biashara yako. Kampuni ndiyo hubaki hai mwenyewe akiondoka.

Aliyejua kazi yote ni dada mmoja aliyeingia pale miaka 9 iliyopita kufagia nywele. Anajua nani anadaiwa, shela gani liko kwa dobi, nani Kariakoo anakopesha rasta. Kaka mkubwa akamnyang'anya funguo: "Wewe mfanyakazi tu, hii mali ya familia."

Dada wa watu hakubishana. Akafungua kibaraza mtaa wa pili, wateja wakamfuata. Zile fremu za marehemu leo zimebandikwa karatasi: INAPANGISHWA.

Watu wakisikia urithi wanawaza nyumba na kiwanja. Wosia unaweza kukupa viti na madraya, ila ujuzi na wateja unavipata mwenye biashara akiwa hai. Mama angemleta mwanawe kila Jumamosi akae pembeni ya yule dada, akafungua kampuni na kumpa dada hisa kidogo, ugomvi ungetoka wapi?

Na binti wa mwisho wa marehemu ameonekana kibarazani kwa dada, anafundishwa kusuka. Kaka yake hajui.

Haya wadau, funguo zilikuwa za nani? Funguka hapo chini.