Nilivyofungua Injini ya Motokaa Yangu Nyumbani

Hapa Unguja motokaa nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi huko Japani, nasi twazitumia miaka mingi tena. Basi siku injini inapochoka, watu watakuambia neno moja tu: "Itoe, tia ya mtumba." Si shauri baya, lakini injini ya mtumba ni fumbo, wainunua imefungwa, na ringi zake huzioni. Mimi ni karani wa parokia, na mshahara wa karani mwaujua. Ya mtumba ingenila mshahara wa miezi minne. Kuitengeneza ile ile yangu kulinila chini kidogo ya miezi miwili, pamoja na jioni za wiki tisa.

Motokaa yenyewe ni Toyota Corolla ya 1992, injini aina ya 5A, silinda nne, lita moja na nusu. Hainibebi mimi peke yangu. Mama yangu akaa Machui, miguu yake haipandi tena daladala, na kila mwezi lazima afike hospitali ya Mnazi Mmoja. Kwa hiyo kuiuza kwa bei ya vyuma vikuukuu halikuwa jambo la kufikiriwa, ijapokuwa mke wangu alinikumbusha, tena kwa haki, kwamba ada ya shule ya watoto ilikuwa katika mkebe ule ule wa akiba.

Jambo la kwanza, msomaji, usifungue injini kabla ya kuipima. Wengi huona moshi wa buluu wakakimbilia spana. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, naam, lakini huenda inapita kwenye sili za valvu tu, na hiyo ni kazi ndogo. Niliazima geji ya kompresheni, nikatoa plagi zote, nikapima. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoa karibu paundi 160. Ya tatu ilitoa 95. Nikatia kijiko cha oili katika tundu la plagi ya tatu, nikapima tena, ikapanda hata 140. Siri ikafichuka. Oili huziba pengo la ringi kwa kitambo. Kama isingepanda, lawama ingekuwa juu ya valvu au gasketi ya hedi.

Utauliza karani kajifunza wapi mambo haya. Chuo cha ualimu kilinifundisha kuandaa masomo na kuandika ubaoni. Injini nilifundishwa na giza. Tangu Desemba 2009 hata Machi 2010 kisiwa chetu kilikosa umeme, kwa hitilafu ya njia ile ipitayo chini ya bahari kutoka bara, na jenereta zikanguruma kila kichochoro. Mimi nilikuwa kijana wa kusafisha kabureta za majirani. Jenereta ndogo ina pistoni moja, na ukiielewa moja, nne hazikutishi sana.

Nyumba yetu i Mkunazini, na vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi motokaa. Gari likabaki Mbweni chini ya mwembe wa shemeji. Injini tuliishusha kwa mnyororo, ikaja mjini kwa rikwama, vijana wanne wakiisukuma na wazee wa barazani wakitoa hukumu. Mmoja wao alikuwa fundi wa magari ya shamba enzi zake. Nilipomwamkia alisema, "Marahaba, mwalimu. Kila utakachokitoa, kitie alama. Kofia za beringi hazibadilishani ndugu." Nikapiga nukta kila kofia na kila konrodi kwa namba yake, na boliti za hedi nikazichomeka katika kipande cha boksi kwa mpangilio wake.

Kisha nilipeleka bloku karakana ya mashine. Sikununua pistoni mbele, wala wewe usinunue. Acha kwanza silinda zipimwe. Ya tatu ilikuwa imelika ikapoteza umbo lake la mviringo, basi zote nne zikachongwa kwa pistoni zilizozidi nusu milimita. Krenki ilikuwa nzima. Ilitaka kung'arishwa na beringi mpya tu.

Hapa kwetu kuna adui ambaye vitabu vya mafundi wa ng'ambo havimtaji sana, nao ni upepo wa bahari. Chuma kilichochongwa leo, kesho asubuhi kina kutu. Bloku iliporudi niliiosha kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe, nikaikausha, nikapaka oili silinda zote saa ile ile, nikaifunga kwa plastiki.

Ringi nazo zina kisa. Duka moja la vipuri liliniuzia boksi lililoandikwa 0.50, kumbe ndani ni saizi ya kawaida. Nilijua kwa kupima: sukuma ringi peke yake ndani ya silinda, pima pengo la ncha zake. Lipasalo ni kama milimita 0.3, langu lilikaribia 2. Zingefungwa zile, oili ingeungua kuliko mwanzo. Mwenye duka alizibadilisha, kwa kununa.

Valvu nilizisaga mwenyewe, kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye mpira, nikikipekecha kwa viganja kama apekechaye moto. Mafuta ya taa yakimiminwa katika njia za valvu na yasivuje, zimekaa. Hedi ilikuwa imepinda, nikalipia ichongwe. Nilipobana matumizi ni katika kazi ya mikono. Gasketi, beringi na mkanda wa taiming nilinunua vizuri. Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na kwa spana ipimayo nguvu. Hiyo niliiazima kwa fundi wa boti wa Malindi, nikamrudishia na samaki.

Maji ya radieta ni habari nyingine. Visima vya karibu na pwani vina chumvi, na penye jiwe la matumbawe maji huacha magaga kama yale ya birika. Mimi natia maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Iliwaka mara ya tatu. Siku za kwanza niliiendesha bila kuilazimisha, Tunguu na kurudi, Chwaka na kurudi, nikibadilisha mwendo mara kwa mara, na baada ya kilomita 500 nikamwaga oili. Sasa imefikisha kilomita 3,000. Kompresheni zote nne zimepita 175, na mama amekwenda kliniki mara tano. Klachi imeanza kuteleza, lakini ada ya muhula huu imelipwa kwanza.