Chupa Iliyosubiri Harusi

Kuna vitu tunavitunza kwa ajili ya siku fulani, halafu siku yenyewe haiji. Mimi nilikuwa na chupa.

Ilikuwa chupa ya mvinyo mwekundu wa Burgundy, kule Ufaransa, ya mwaka 2015. Aliyekuwa mchumba wangu alirudi nayo safari. "Hii tutaifungua siku ya harusi," akasema. Kwenye lebo yake kuna maneno Vieilles Vignes, yaani mizabibu mizee. Hakuna sheria kule inayosema mzabibu uwe na miaka mingapi ndipo uitwe mzee; kila mkulima na hesabu zake. Ila wenyewe wanasema mti ukizeeka huzaa kidogo, na hicho kidogo ndicho chenye ladha nzito. Zabibu zake zinaitwa Pinot Noir. Ngozi yake ni nyembamba, ndiyo maana mvinyo wake hauwi mweusi tii.

Harusi haikufungwa. Kamati ilishaanza vikao, ikabidi michango tuirudishe kwa mtu mmoja mmoja (jamani, aibu hiyo usiombe ikukute!). Chupa ikabaki juu ya kabati langu Dar es Salaam. Miaka minne.

Desemba iliyopita, kama ilivyo desturi yetu Wachaga, nikapanda kwenda nyumbani, Mkuu, Rombo. Nikaibeba.

Usiku wa tarehe 26, watoto wamelala, nikaiweka mezani. Kifaa cha kufungulia hatuna, kwa hiyo kizibo nikakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko. Glasi zetu za maji zikatosha. Mama hakuuliza chupa imetoka wapi.

Nikainua glasi kwenye taa. Pembeni rangi ilishageuka, kama chai ya rangi iliyolala. Nikanusa. Nilitegemea matunda, ikanijia harufu ya jamu iliyoungulia, na kwa mbali majani ya mgomba yaliyonyeshewa. Mdomoni uchachu upo, ukakasi umelegea, katikati patupu.

Mama yangu anapika mbege tangu hajaolewa. Ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa siku kadhaa, unakuja uji wa ulezi uliooteshwa na kusagwa, na gome la msesewe la kutia uchungu. Ikishakuwa tayari inanyweka siku hiyo; ukiilaza sana, inachacha. Akaonja mvinyo wangu kama anavyoonja kwenye kata: akauzungusha mdomoni, akatulia, akameza.

"Hii ilikuwa nzuri," akasema. "Uliiweka wapi?"

"Juu ya kabati, mama."

"Dar?"

"Dar."

Akatikisa kichwa. "Joto limeila. Mbege nikiiweka karibu na moto inakimbia. Na hii imekimbia, mwanangu, wakati wewe unaisubirisha."

Nilibaki mdomo wazi. Mama hajawahi kumwona mtaalamu wa mvinyo, lakini hata wao wangesema hivyo hivyo: chupa ilazwe ubavu, gizani, kwenye ubaridi wa nyuzi kama 12 au 13. Chumba changu Dar hakijawahi kuuona ubaridi huo.

Akanywa tena, kisha akauliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza kwa miaka yote minne.

"Yule kijana bado anakupigia?"

"Mara moja moja."

"Na wewe unapokea?"

Nikaangalia glasi. "Napokea."

Hakunigombeza. Akachukua chupa, akanijazia, akajijazia na yeye. "Basi tuimalize."

Tuliimaliza, na tuliongea mpaka jogoo wa kwanza. Kadiri ilivyopata hewa ilitengemaa kidogo. Yale majani ya mgomba yakaja wazi, na nyuma yake utamu kama wa zambarau. Ukiniuliza maksi, naipa tano kwa kumi, na nne kati ya hizo ni za ile mizabibu mizee. Ingefunguliwa mwaka ule ilipoletwa, nadhani ningeandika mengine.

Asubuhi nikakuta Mama ameisafisha chupa na kuijaza mafuta ya kula. Mkesha wa mwaka mpya simu yangu iliita, jina lile lile. Nikaiacha iite mpaka ikakata.

Na wewe msomaji, kama unayo chupa juu ya kabati, usingoje mgeni. Ifungue.