Mate, Moto na Muhogo Mchungu

Katika skuli moja ya Wete, kisiwani Pemba, mwalimu alileta uji mwepesi wa unga wa muhogo na chupa ya iodini. Tone moja likatiwa katika uji, nao ukageuka rangi ya wino. Ndiyo dalili ya wanga. Kisha wanafunzi wakaambiwa wateme mate kikombeni. Walicheka sana, maana nani aliyepata kudhani kuwa mate ni kitu cha kusomwa?

Uji na mate vikachanganywa katika vichupa vinne. Cha kwanza kikafumbatwa mkononi, kipate joto la mwili. Cha pili kikazikwa katika barafu ya wachuuzi wa samaki. Cha tatu kilitiwa mate yaliyokwisha kuchemshwa, na cha nne kikaongezwa siki. Baadaye iodini ikatiwa katika vyote. Kile cha mkononi hakikugeuka: wanga ulikwisha kuwa sukari. Vingine vyote vikawa vyeusi.

"Mate yana kimeng'enya," akasema mwalimu. "Siki hukizuia. Baridi hukilaza, nacho huamka kipatapo joto. Bali moto mkali hukiua, wala hakirudi tena."

Msichana mmoja akauliza, "Na muhogo mchungu, mbona bibi huuroweka siku nyingi?"

"Ndani yake mna kitu kilichoficha sumu, na kimeng'enya cha kukifungua, kila kimoja chumbani mwake. Muhogo ukiparazwa, au ukirowekwa hata ukalainika, vyumba huvunjika, viwili hivyo hukutana, na sumu hutoka kwa maji na hewa. Lakini ukitumbukizwa mzima katika maji yachemkayo, kimeng'enya hufa mapema, na sumu husalia ndani."

Akawasimulia habari za Tarime, mwaka 1985: wakati wa ukame watu walifupisha siku za kuutengeneza muhogo mchungu, na baadhi yao wakapooza miguu, ugonjwa uitwao konzo.

Jioni yule msichana alimkuta bibi yake ameinjika chungu. Muhogo ulikuwa umelala majini usiku mmoja tu.

"Bibi, tafadhali usiutie," akasema, akaeleza habari za vichupa.

Bibi akanyamaza kidogo. "Hayo ya mate siyajui, mjukuu wangu. Lakini mama yangu hakuupika kabla ya siku tatu. Njaa ndiyo iliyonisahaulisha."

Akaurudisha majini. Usiku ule walikula shelisheli walilopewa na jirani.