Njia ya chuma ya Pisciadù: mzazi apange nini kabla ya kijana kufunga mkanda

Picha zinazosambaa kwenye simu huonyesha daraja tu. Ni jembamba, limening'inia kati ya nguzo mbili za mwamba, na juu yake amesimama mtu mwenye kofia ngumu akitabasamu. Kijana wa miaka 13 akishaiona, nyumba haina amani tena: likizo ya Julai anataka kwenda huko. Kwa familia zenye shangazi au mjomba anayeishi Munich, ombi hilo si la kucheka na kulipuuza, kwa sababu kutoka Munich hadi milima ya Dolomiti, kaskazini mwa Italia, ni mwendo wa gari wa saa nne hivi.

Kile ambacho picha haisemi ni kwamba daraja hilo liko karibu na mwisho. Kabla yake kuna ukuta, na sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho kabla ya kulifikia.

Njia yenyewe inaitwa Brigata Tridentina, jina la kikosi cha wanajeshi wa milimani wa Italia, lakini wengi huiita Pisciadù. Ni via ferrata, yaani "njia ya chuma" kwa Kiitaliano: waya mnene wa chuma umefungwa kwenye mwamba kwa vyuma vilivyochimbiwa, na penye utelezi au wima sana kuna vipandio na ngazi. Njia za namna hii zilienea katika milima hiyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Italia na Austria zilipopigania vilele kuanzia 1915, na askari wakahitaji kupandisha chakula na risasi. Leo zinapandwa na watu walio likizoni.

Ugumu wake hupimwa kwa herufi, A ikiwa rahisi na E ikiwa ya wenye mikono ya chuma. Pisciadù kwa kawaida hupewa C. Herufi ya katikati huwadanganya wengi. Aliyefika Uhuru kule Kilimanjaro, mita 5,895, anaweza kudhani ukuta unaoishia chini ya mita 2,600 ni mchezo. Kilimanjaro hupima mapafu na uvumilivu wa miguu. Hapa kinachopimwa ni vidole, mikono, na moyo wa mtu anayetazama chini akaona paa za magari.

Basi mzazi aanzie kwenye mizani, kabla hata ya tiketi. Mpandaji huvaa mkanda kiunoni na mapajani, na kutoka kwenye mkanda huo hutoka kamba mbili fupi zenye kulabu za kufunga kwenye waya. Katikati kuna utepe uliokunjwa na kushonwa, ambao nyuzi zake huachia taratibu mtu anapoanguka ili mwili usipigwe na mshtuko wote kwa mkupuo. Kiwango cha Ulaya cha kifaa hicho, EN 958, kimewekewa mtumiaji wa kilo 40 hadi 120. Mtoto wa kilo 34 ni mwepesi mno: nyuzi zinaweza zisiachie ipasavyo, na mshtuko ukaishia kwenye mgongo wake. Huyo lazima afungwe pia kamba ya kupandia inayoshikwa kutoka juu na mtu anayeijua kazi hiyo, na kwa familia nyingi mtu huyo ni kiongozi wa milima mwenye leseni. Baba mwenye kilo 125 naye ana la kujiuliza.

Kuna jambo jingine ambalo wauza safari hulipitia haraka. Kwenye via ferrata mtu akiteleza haishii hapo alipo. Kulabu huteleza naye kwenye waya hadi kwenye chuma cha chini kilichoshikilia waya, na hiyo inaweza kuwa mita kadhaa, huku mwili ukigonga vipandio na mwamba. Kifaa huzuia kifo, mara nyingi hakizuii kuvunjika mguu. Ndiyo maana kati ya chuma kimoja na kingine hukaa mtu mmoja tu, na ndiyo maana kulabu mbili hazitolewi kwa pamoja hata kwa sekunde moja. Hamisha ya kwanza, funga, kisha ya pili. Kijana azoee hilo nyumbani kwenye kamba ya kuanikia nguo mpaka mikono ifanye bila kuuliza.

Vifaa hukodishwa katika miji ya bondeni, na ni heri kukodi. Mtumba ni jambo jema kwa koti na viatu, si kwa utepe ambao huenda umeshawahi kumwokoa mtu mmoja na hautaweza kumwokoa wa pili.

Makaratasi yasisubiri Juni. Viza ya Schengen huombwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Mtoto akisafiri na mjomba bila wazazi atatakiwa barua ya ridhaa. Bima inayodaiwa kwa viza, ya euro 30,000 angalau, isomwe mpaka maandishi madogo ya mwisho, kwani nyingi huondoa upandaji wa milima, na helikopta ya uokoaji si teksi.

Siku ya kupanda huanza mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi miguu iwe njiani kutoka maegesho yaliyo chini ya Passo Gardena, upande wa Colfosco. Sababu ni mbili. Julai na Agosti njia hii hujaa foleni, na kusubiri ukining'inia huchosha kuliko kupanda. Tena mchana wa kiangazi mawingu hukusanyika ghafla na radi hupiga, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka kushika waya wa chuma wenye urefu wa ukuta mzima wakati huo. Utabiri ukisema radi saa nane, familia ibaki bondeni ile aiskrimu.

Kabla ya mnara wa mwisho, unaoitwa Exner, kuna mahali pa kutokea: njia ya miguu inayokwenda moja kwa moja hadi nyumba ya wageni ya Pisciadù, mita 2,585. Hapo ndipo uamuzi unafanyika, na unapaswa kuwa umejadiliwa usiku uliotangulia. Watoto wa rika hili hawasemi "ninaogopa" mbele ya binamu zao. Hunyamaza, au huanza kucheka ovyo, na magoti hutetemeka. Familia ikubaliane kwamba mtu yeyote akitamka neno "kibanda", wote wanatoka, hakuna swali wala utani wakati wa chakula. Na mzazi awe tayari kulitamka yeye kwanza, hata kama nguvu anazo.

Wanaoendelea huvuka daraja na kukutana na wenzao kwenye supu, karibu na ziwa dogo la kijani. Kushuka ni kwa bonde la Setus, lenye mwinuko mkali na changarawe zinazokimbia chini ya viatu, na mwanzoni mwa kiangazi huwa na theluji bado. Sehemu za juu zina waya. Miguu sasa imechoka na kila mtu anataka kuvua mkanda. Usivuliwe, na kofia ibaki kichwani, kwa sababu walio juu huangusha mawe.