Sura ya Sita

Kwenye kompyuta yangu kuna folda niliyoipa jina RIWAYA. Ndani yake mna faili kumi na moja, kuanzia Sura ya Kwanza hadi Sura ya Kumi na Moja, na hakuna hata moja iliyokwisha. Sura ya pili inaishia mama akichambua mchele. Sura ya nne inaishia basi likiwa limesimama Segera na abiria wanashuka kununua machungwa. Sura ya sita inaishia na simu inayoita mezani. Inaita tangu Machi mwaka jana, na hakuna aliyeipokea.

Sio kwamba siwezi kumaliza kitu. Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi ya Kiswahili, na tasnifu yangu inakwenda vizuri. Sura za tasnifu zinajua zinakokwenda: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, uchambuzi wa data, kisha muhtasari na mapendekezo. Kila sura ina kijisehemu chake cha mwisho kinachoitwa Hitimisho, na hitimisho lenyewe lina maneno yake: sura hii imejadili hiki, sura inayofuata itachambua kile. Naweza kuliandika hata nikiwa na usingizi. Msimamizi wangu aliwahi kuniambia kwamba mahitimisho yangu ni safi. Nilitoka ofisini kwake nikashuka ngazi huku nacheka peke yangu.

Riwaya hainipi kijisehemu hicho. Naanza sura kwa hamu, wahusika wanaongea, mvua inanyesha panapotakiwa, halafu nikibakiza ukurasa mmoja hivi mikono inakuwa mizito. Nakwenda kuchemsha chai. Narudi, nasoma upya nilichoandika, nabadilisha neno moja, nalirudisha. Kisha nafungua faili jipya na kuandika juu yake namba inayofuata.

Visingizio nilikuwa navyo, tena vya kisomi. Nilijitetea kwa Hemingway, aliyeshauri kwamba mwandishi aache kazi ya siku akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho apate pa kuanzia. Mimi niliuchukua ushauri ule nusu: niliacha, ila kesho yake sikurudi. Nilijitetea pia kwa Kafka, ambaye riwaya yake ya Das Schloss inakatika katikati ya sentensi, na bado ilichapwa mwaka 1926 na inasomwa hadi leo. Lakini Kafka alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1924. Mimi ni mzima, na nimelipia kifurushi cha intaneti cha mwezi.

Kisha nikamkimbilia Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela, bingwa wa kukatiza hadithi alfajiri. Huyo ndiye aliyenikamata. Yeye alikatiza ili mfalme asimuue, na usiku uliofuata alirudi palepale alipoachia. Alikatiza ili aishi. Mimi nilikuwa nakatiza ili nini?

Mwenzangu wa chumbani, anayesoma takwimu na hana subira na mambo ya fasihi, aliisoma sura ya sita akiwa amelala kitandani na simu yake kifuani. Alipofika mwisho akaniuliza, "Dada, sasa hii simu ataipokea nani?"

Nikamwambia bado nafikiria.

"Mwaka mzima unafikiria simu?"

Wiki ile nilikwenda maktaba nikachukua riwaya tano za Kiswahili. Sikuzisoma tangu mwanzo. Nilisoma ukurasa wa mwisho wa kila sura tu, nikaandika kwenye daftari kinachotokea pale. Nilitarajia kukuta siri, mshindo, ufunuo. Nilichokuta mara nyingi ni mtu anaondoka. Mtu analala. Mtu anajibu neno moja na mwenzake ananyamaza. Sura ilikwisha kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo mwanzoni lilikuwa hivi na sasa lilikuwa vile, hata kama mambo mengine kumi yalibaki yananing'inia. Nililielewa hilo vizuri, ningeweza hata kulifundisha. Nikarudi chumbani, nikafungua sura ya sita, simu ikaendelea kuita.

Likizo ilipofika nilipanda basi kwenda Tanga. Mama anaishi Ngamiani, kwenye nyumba ileile tuliyokulia. Usiku wa pili, umeme ulipokatika, tulikaa uani kwenye mkeka, akaniambia nimsomee hayo ninayoyaandika, maana kila akinipigia nasema nipo naandika. Kompyuta ilikuwa na chaji kidogo. Sijui kwa nini sikuchagua sura ya kwanza. Nilimsomea ya sita.

Alisikiliza kama wanavyosikiliza watu waliokulia kwenye ngano, anaitikia. "Ehe." "Enhe." Nilipofika kwenye simu nikanyamaza.

"Ehe, kisha?"

"Basi, mama. Nimeishia hapo."

"Umeishia hapo vipi, na simu inaita?"

Sikujibu. Akavuta kanga mabegani, akaangalia upande wa mlango, akasema taratibu, "Hiyo simu ya kaka yako."

Kaka yangu aliondoka mwaka 2016, mimi nikiwa kidato cha nne. Walikwenda vijana wanne wa mtaani, wakapita Tunduma kuingia Zambia, nia yao ikiwa Afrika Kusini. Alipiga simu akiwa njiani, mara mbili. Alipiga akiwa Durban, akasema amepata kazi ya kuosha magari na baridi ni kali. Baada ya hapo alipiga mara moja tena, siku ya Idi. Mwenzake mmoja alirudi baadaye na kusema waliachana mapema, hajui lolote. Hatujapata habari ya kifo, na ya uhai pia hatujapata. Miaka mitatu ilipopita, mjomba alikuja kumshauri mama kwamba asomewe hitma, roho zitulie. Mama alimpa chai na kumsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia hitma husomewa maiti. Jambo lile halikuzungumzwa tena.

Mwishoni mwa mwaka 2019, laini zilipotakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, mama alipanga foleni kutwa nzima. Vidole vyake vimelika kwa kufua na kukuna nazi, mashine ikawa haivisomi. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, hadi vikasomeka. Majirani walimshauri anunue laini nyingine na kusajili kwa utaratibu siku zijazo. Hakutaka. Ile ndiyo namba anayoijua mwanawe.

Yote haya nilikuwa nayajua. Hata hivyo, nilipoanza riwaya ile niliamini kabisa kwamba naandika habari za kijana mwingine, wa mji mwingine, na mama mwingine. Nilimbadilisha hata urefu. Kumbe kila sura ilipokaribia mwisho nilikuwa naogopa kitu kilekile. Nikimaliza, nitakuwa nimeamua. Kijana anarudi au harudi. Na nikiamua kwenye karatasi kwamba harudi, nitakuwa nimemsomea hitma ambayo mama aliikataa. Nikiamua anarudi, nitakuwa namdanganya mwanamke yule, naye ananisikiliza kwenye mkeka.

"Unaona vibaya nikiandika?" nikamuuliza.

"Andika. Lakini mwache mtu aipokee hiyo simu, bwana. Hata kama ni wale wa vifurushi."

Nilicheka, naye akacheka, na machozi yalitutoka kidogo, kila mmoja akijifanya haoni ya mwenzake kwa kuwa palikuwa giza. Halafu akasimama kwenda kufunga mlango wa mbele, kama kila usiku. Nilimsikia akizungusha ufunguo kwenye kitasa. Nikasubiri mlio wa komeo. Haukuja.

Ilinichukua dakika nzima kuelewa nilichokuwa nimekisikia tangu nina miaka kumi na saba. Kaka aliondoka na ufunguo wake. Mlango uliofungwa kwa kitasa, mwenye ufunguo anaufungua kutoka nje. Uliotiwa komeo haufunguki hadi mtu wa ndani aamke. Mama hajalitia komeo lile tangu 2016. Ila mlango anaufunga. Hakeshi barazani. Saa nne ikifika anazungusha ufunguo, anazima taa, anakwenda kulala, na asubuhi anauza vitumbua.

Niliandika usiku uleule, kwa kalamu, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imezima. Kwenye sura ya sita mama anaipokea simu. Ni mtu aliyekosea namba, anamtafuta fundi seremala. Mama hamkatii. Anamuuliza anapiga kutoka wapi, anamuuliza huko mvua imenyesha, na mtu yule, labda kwa adabu tu, anajibu yote. Kisha anaaga. Mama anafunga mlango kwa ufunguo na kuzima taa. Sura inaishia hapo. Kijana hajarudi wala hajafa. Kilichobadilika ni kwamba simu haiiti tena.

Asubuhi nilimsomea mama huku akigeuza vitumbua. Aliuliza kama yule mtu alimpata fundi wake. Nikamwambia sijui. Akasema angalau hilo ningeweza kuliandika.

Niliporudi Dar es Salaam nilimpa mwenzangu wa chumbani nakala. Alisema ni nzuri, ila maongezi ya simu ni marefu, hakuna mtu anayepoteza salio hivyo kwa mtu asiyemjua. Pengine ana haki. Sijayapunguza. Sura ya nne bado basi limesimama Segera, na kesho asubuhi, kabla ya tasnifu, nitajaribu kuwarudisha abiria ndani.