Makorongo Mawili, Kalavati Moja

Mtahiniwa, najua ukikutana na swali la transista mkono unataka kufungua ukurasa unaofuata. Nafundisha fizikia hapa Mkonze. Binti mmoja, mtahiniwa wa kujitegemea, alikuwa akiliruka swali hilo kila mara, na nyumbani kwao hapakuwa na ada ya kurudia tena. Nilimpa sakiti ngumu kuliko ya mtihani wenu: transista mbili za NPN zilizounganishwa emita.

Chora nawe. Betri mbili za volti 9: moja inatoa +9 juu, nyingine −9 chini. Kila kolekta ina rezista yake ya kiloomu 8.2 kwenda juu. Emita zote mbili zinashuka kwenye rezista moja, nayo kiloomu 8.2. Beisi zote ziko volti 0.

Usikimbilie fomula. Anza na emita. Silikoni hula volti 0.7 kati ya beisi na emita, basi emita ziko −0.7. Kutoka hapo hadi −9 ni volti 8.3, gawanya kwa kiloomu 8.2, upate takriban miliampia 1. Kila transista inachukua 0.5 (mkondo wa beisi ni mdogo, uache). Rezista ya kolekta inakula 0.5 × 8.2 = volti 4.1. Kolekta inabaki na 4.9.

Sasa fikiria makorongo yetu mawili yakikutana kwenye kalavati moja jembamba. Moja likijaa zaidi, lenzake hupungua, kwa kuwa kalavati halipitishi zaidi ya kiasi chake. Ongeza milivolti 2 kwenye beisi moja tu. Ukinzani wa ndani wa kila emita ni 25 ÷ 0.5 = omu 50, hivyo ukuzaji ni 8200 ÷ 100 = 82, na kolekta inasogea milivolti 164. Lakini muungurumo wa umeme wa nyumbani, herzi 50, huingia beisi zote kwa pamoja. Milivolti 2 za namna hiyo zinaisogeza kolekta milivolti 1 tu. Mwingereza Alan Blumlein aliliombea wazo hili hataza mwaka 1936, kwa vali, kabla transista haijazaliwa.

Binti alinyamaza, kisha akauliza kalavati likizidi kubanwa itakuwaje. Weka kiloomu 16 chini, anza tena kwenye emita. Kolekta inapaswa kutoka karibu volti 6.9.