Bakuli Moja la Urojo

Kwa wiki mbili mimi na mume wangu tuliongea habari za ada, gesi na luku tu. Barua yake ya uhamisho wa kwenda Mwanza ilikuwa kwenye droo. Nimeiona, anajua nimeiona, na hakuna aliyefungua mdomo. Ijumaa nikakata tiketi mbili za boti, watoto wakaenda kwa bibi yao.

Kutoka Dar ni kama saa mbili hivi. Tulianzia Darajani, soko lililopo tangu mwaka 1904, tukanunua iliki na karafuu, kisha tukajipoteza makusudi vichochoroni. Ndiyo raha ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ukipotea usihofu, utatokea baharini au Darajani tu! Pale Jaws Corner wazee walikuwa wanabishana siasa. Wakatusogezea nafasi barazani, tukanywa kahawa chungu kwa kashata. Mume wangu akacheka na wazee. Na mimi je? Bado kimya.

Jioni tukashuka Forodhani. Njiani tulisimama mbele ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu wawili, wakati ukarabati ukiendelea. Tuliwahi kupiga picha pale tukiwa wachumba. Hatukusema kitu, lakini alinishika mkono.

Jua lilipozama, vijana wakawa wanajirusha baharini kutoka ukutani, moshi wa mishkaki umetanda. Tukaagiza urojo, bakuli moja, vijiko viwili. Si unaujua ule uchachu wa ukwaju na embe, bhajia, kachori, viazi, na pilipili ya kukutoa machozi? Basi machozi yangu yakapata kisingizio.

"Niliogopa kukwambia," akasema. "Nikikubali nawaacha, nikikataa sijui tutakula nini."

"Mwanza hainiumizi, baba. Kinachoniuma ni ile droo."

Jamani, hatukumaliza kila kitu pale. Ila tulipanga: yeye atatangulia, sisi tutafuata mwaka wa shule ukiisha, na barua yoyote ikija inasomwa mezani, wote wawili.

Mpenzi msomaji, ukienda na mwenzio, vaa nguo za heshima mitaani, ni mji wa watu wenye dini yao. Forodhani uliza bei kabla pweza hajaingia kwenye sahani. Kunyweni juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, na ile pitsa ya Zanzibar inayokaangwa juu ya chuma msiikose. Urojo agizeni bakuli moja tu. Mkigombania kachori ya mwisho, maneno yatatoka yenyewe.